Sitara Iliyouzwa Jumapili

Tangu karne ya kumi na tisa, mji wa London umekuwa na vitabu viwili vikubwa vya nasaba, kimoja kikiitwa Debrett's na cha pili Burke's, ambavyo kila mwenye cheo, na kila mwenye tamaa ya cheo, alivitazama kama kadhi atazamavyo daftari la mirathi: humo ndimo mlimoandikwa nani alizaliwa na nani, nani ni mrithi wa nani, na fulani akifariki hadhi yake itamwangukia yupi. Desturi ya vitabu hivyo ilikuwa kukubaliana. Lakini mwaka 1958 iligunduliwa hitilafu ya mstari mmoja katika ukoo wa Dillon wa Lismullen, huko Ireland, ambao cheo chake kilirithiwa na wanaume peke yao: kitabu kimoja kilisema kwamba Sir Robert Dillon, asiye na mtoto, ana ndugu mwanamume aitwaye Michael, naye ndiye mrithi wake, cha pili kilisema kwamba ana dada. Wala hawakuwa ndugu wawili. Alikuwa mtu mmoja, tabibu wa meli, mwenye ndevu na kiko, ambaye wakati ule alikuwa kazini akihudumia mabaharia, hana habari kwamba mstari ule umekwisha kuonekana na watu ambao riziki yao ilitoka katika mistari ya namna hiyo.

Watu hao walikuwa waandishi wa magazeti, na hasa magazeti ya Jumapili. Jumapili ya Uingereza ya zama zile ilikuwa siku ndefu. Sheria ilifunga maduka mengi na kumbi za michezo ya kuigiza. Baada ya ibada na chakula cha mchana hapakubaki la kufanya ila kulala, kutembea au kusoma, na wengi walisoma. Mwaka 1950 gazeti la News of the World pekee lilipita nakala milioni 8 kila juma, na nyuma yake yalifuata The People, Sunday Express na mengineyo, kila moja likimwinda msomaji wa jirani yake. Biashara yao ilisimama juu ya siri za watu: kasisi aliyepotoka, mke aliyetoroka, tajiri aliyefikishwa mahakamani kwa jambo ambalo ahali zake hawakulijua. Ilikuwa bidhaa isiyohitaji shamba wala kiwanda, kwa kuwa ilizaliwa majumbani mwa watu na kuokotwa mlangoni. Na kwa kuwa mnunuzi alitaka kusoma fedheha bila yeye mwenyewe kujiona fasiki, iliandikwa kwa sauti ya mhubiri, hata dhambi ikauzwa pamoja na kemeo lake katika karatasi moja.

Waswahili huita sitara kile kimfunikacho mtu asionekane asivyotaka kuonekana: ukuta wa ua, buibui, pazia la mlango, na hata ukimya wa jirani ajuaye na asiseme. Historia ya namna watu waliobadili jinsia walivyoonyeshwa katika magazeti ya Waingereza katikati ya karne ya ishirini ni historia ya sitara hiyo, jinsi ilivyopimwa, ikakadiriwa bei, na kuuzwa. Na ukiichunguza utaona kwamba swali lililoamua salama au maangamizi ya mtu halikuwa kama habari zake zitajulikana au hazitajulikana, bali ni nani atakayezisema kwanza.

Soko lenyewe lilifunguliwa upande wa pili wa bahari. Tarehe 1 Desemba 1952 gazeti la Daily News la New York liliweka katika ukurasa wake wa kwanza habari za Christine Jorgensen, mzaliwa wa mtaa wa Bronx, aliyepata kuwa askari katika jeshi la Marekani, na ambaye, baada ya kutibiwa Copenhagen na daktari Christian Hamburger, alikuwa sasa mwanamke. Na barua aliyowaandikia wazazi wake, ambayo ilikuwa ya watu watatu tu, ikawa ya watu wote. Aliporejea New York tarehe 12 Februari 1953 alilakiwa uwanjani na umati wa waandishi na wapiga picha kama anavyolakiwa mfalme, na jarida la American Weekly lilikuwa limekwisha kununua kisa chake ili likitoe sehemu kwa sehemu. Haikupita miezi mitatu, gazeti jingine la mji uleule, New York Post, likatoa mfululizo wa makala kudai kwamba si mwanamke kamwe, na baadhi ya waliokuwa wakimsifu uzuri wa nywele na soksi zake wakageuka kumwandika kama mwanamume. Wenye magazeti wakajifunza hapo fundisho ambalo hawakulisahau kwa muda mrefu: kwamba mtu wa namna hii anaweza kuuzwa mara mbili, mara ya kwanza kama muujiza, na mara ya pili kama udanganyifu.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Baada ya habari hizo kuenea, daktari Hamburger alipokea barua kutoka nchi nyingi za dunia, na katika mwaka huohuo wa 1953 alichapisha uchunguzi wake juu ya barua za watu 465, waume kwa wake, ambao kila mmoja aliomba asaidiwe kubadili jinsia. Watu hao walikuwa wapi kabla ya Desemba 1952? Walikuwa palepale walipo, kila mmoja akidhani kwamba Mola hakuumba mwingine mfano wake. Na mjumbe aliyewafikishia habari kwamba hawako peke yao hakuwa tabibu, wala mwalimu, wala imamu, bali lilikuwa gazeti la senti chache, lenye picha kubwa na maneno ya kejeli. Hivyo ndivyo ilivyo ajabu ya jambo hili, kwamba mkono uliomvua mmoja nguo yake hadharani ndio uliowashika mkono mamia ya wengine gizani.

Uingereza haikukawia. Mwezi wa Machi 1954 jarida la Picture Post, ambalo halikuwa la Jumapili bali lilikuwa maarufu kwa picha zake, lilianza kutoa kisa cha Bibi Roberta Cowell. Kabla ya hapo alikuwa amejulikana kwa mambo ambayo Waingereza wa kizazi kile waliyahesabu kuwa kilele cha uanaume: alikuwa dereva wa magari ya mashindano, rubani wa ndege za kivita katika vita vya pili vya dunia, na mateka wa Wajerumani baada ya ndege yake kuanguka katika ardhi ya adui mwezi wa Novemba 1944, baba yake alikuwa daktari mpasuaji na jenerali wa jeshi, naye mwenyewe alikuwa ameoa na kupata binti wawili. Mwaka 1951 alipasuliwa na Sir Harold Gillies, bingwa yule aliyejipatia jina katika vita vya kwanza kwa kuunda upya nyuso za askari zilizoharibiwa na risasi na moto, na katika mwaka huo huo cheti chake cha kuzaliwa kikasahihishwa.

Bibi Cowell alielewa jambo ambalo Christine Jorgensen alilielewa baada ya kuumia: ikiwa siri haina budi kutoka, basi heri itoke kwa kinywa cha mwenyewe na kwa bei ya mwenyewe. Inasemekana alilipwa pauni 8,000, mali nyingi kwa siku zile, na pamoja na mali hiyo akapata kitu cha thamani kubwa zaidi, nacho ni uwezo wa kuchagua picha, kupanga maneno na kuamua mwanzo na mwisho wa kisa. Uwezo huo hakuutumia kwa uadilifu mtupu. Alijieleza kwamba maumbile yake tangu kuzaliwa yalikuwa yameelekea uanamke, ili msomaji amhesabu kuwa mtu aliyesahihishwa kosa la maumbile, si mtu aliyechagua. Na kwa kufanya hivyo alijiwekea ukuta kati yake na wale wengine waliokuwa katika hali ya kufanana naye, ambao katika maisha yake hakuwasemea mema. Mabinti zake aliacha kuonana nao. Mwenye kuandika historia hana haki ya kumfanya walii kwa sababu tu aliteseka. Lakini ana wajibu wa kusema kwamba kisa chake, pamoja na urembo wake wote wa kutiwa, kilikuwa chake.

Kati ya Bibi Cowell na Bwana Michael Dillon palikuwa na ujamaa ambao magazeti hayakuujua mwaka 1954, na pengine ndiyo maana mmoja wao alibaki salama miaka minne zaidi. Bwana Dillon alizaliwa London mwaka 1915, akasajiliwa kuwa mtoto wa kike. Mama yake alifariki baada ya siku chache, naye akalelewa na shangazi zake katika mji wa Folkestone. Huko Oxford aliongoza chama cha wanawake wapiga makasia. Tangu mwaka 1939 alianza kutumia homoni za kiume, na wakati wa vita, akifanya kazi katika karakana ya magari mjini Bristol, umbo lake lilibadilika hata wageni wasimjue ila kama kijana mwanamume. Mwaka 1944 msajili alibadili cheti chake kwa ushahidi wa madaktari, na kati ya mwaka 1946 na 1949 Sir Harold Gillies alimpasua zaidi ya mara 10, huku yeye akisomea udaktari katika chuo cha Trinity mjini Dublin, akiwaambia wenzake waliomwona akichechemea kwamba ni majeraha ya vita.

Mwaka 1946 alitoa kitabu kidogo kiitwacho Self, ambacho ndani yake, bila ya kujitaja, alihoji kwamba ikiwa nafsi haiwezi kurekebishwa ilingane na mwili, basi ni busara mwili urekebishwe ulingane na nafsi. Kitabu hicho kilimfikia Bibi Cowell, naye akamtafuta mwandishi. Wakakutana, na Bwana Dillon, ambaye hakuwa amepata kumfunulia mtu asiye tabibu habari zake, akampenda na kutaka kumwoa, lakini Bibi Cowell hakukubali. Basi wakatengana, mmoja akaenda kwenye taa za wapiga picha, na wa pili akaenda baharini, kwa kuwa kazi ya utabibu wa meli ilikuwa na fadhila moja kubwa: kila baada ya miezi michache mtu alikuwa miongoni mwa wageni.

Haikuwa kwamba Bwana Dillon alijificha kwa haya. Alikuwa amewaarifu wenyewe Debrett's, akijua kwamba ndugu yake hana mtoto, ili jina lake liandikwe kwa haki na daftari la nasaba lisimwite dada. Naye alitaraji kwamba Burke's wangefuata. Burke's hawakufuata. Kwa hiyo kile kilichomfichua kilikuwa ukweli wenyewe, uliokubaliwa na daftari moja na kukataliwa na lingine. Na mwezi wa Mei 1958, meli yake City of Bath ikiwa bandarini Baltimore, ilimfikia telegramu ya gazeti la London ikimwuliza kama anakusudia kudai cheo cha ukoo. Alipoisoma alijua kwamba miaka 15 ya amani imekwisha. Waandishi wakaja gatini. Sunday Express ikaeleza habari zake, magazeti mengine yakaizunguka kama kunguru wanavyozunguka jaa, na watu aliokula nao meza moja kwa miaka wakasoma habari zake kabla yeye mwenyewe hajafungua kinywa.

Alishuka India na hakurejea tena Uingereza. Aliacha udaktari, akaacha jina la ukoo ambalo ndilo lililomponza, akaingia katika dini ya Buddha, na kwa jina la Lobzang Jivaka akaishi katika nyumba ya watawa ya Rizong, huko Ladakh, ambako yeye, mtu wa Oxford aliyekaribia umri wa miaka 50, alifagia na kuchota maji na kukaa mwisho wa safu pamoja na watoto, akiwa mtawa wa daraja la chini kuliko wote. Aliandika kwa bidii, na miongoni mwa aliyoyaandika ulikuwamo wasifu wake mwenyewe, aliompelekea wakili wake wa vitabu London mapema mwezi wa Mei 1962. Tarehe 15 ya mwezi huo alifariki katika hospitali ya Dalhousie, kaskazini mwa India, akiwa na miaka 47. Ndugu yake alitaka maandishi yale yachomwe moto. Hayakuchomwa, bali yalikaa zaidi ya nusu karne ndipo yakachapishwa. Maana yake ni kwamba gazeti lilihitaji Jumapili moja kusema habari za Michael Dillon, na Michael Dillon alihitaji miaka 50 na zaidi kulijibu.

Wa tatu hakuuza siri yake mwenyewe wala hakufichuliwa na daftari. Bibi April Ashley alizaliwa Liverpool mwaka 1935 katika nyumba ya mafukara, akawa baharia akiwa bado kijana, akajaribu kujiua, akapitia hospitali ya wenye maradhi ya akili, na hatimaye akafika Paris, kwenye ukumbi wa Le Carrousel, ambako alicheza na kuimba mpaka akakusanya fedha za kumpeleka Casablanca kwa daktari Georges Burou. Alipasuliwa huko tarehe 12 Mei 1960. Alirudi London akiwa mwanamitindo, picha zake zikachapishwa katika jarida la Vogue, akapewa na nafasi ndogo katika sinema. Na kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi kidogo alikuwa kile alichotaka kuwa, yaani mwanamke mzuri ambaye watu hawakuwa na la kumwuliza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi wa Novemba 1961 rafiki yake aliiuza siri kwa gazeti la The People, nalo likautangazia umma kwamba ya April Ashley yamefichuka. Kazi ya uanamitindo ikakatika mara moja, na jina lake likaondolewa katika orodha ya waigizaji wa ile sinema. Tofauti yake na Bwana Dillon ni kwamba hakukimbia; alibaki, akawa mashuhuri kwa lile lile lililomwangusha, na mwaka 1963 akafunga ndoa huko Gibraltar na Arthur Corbett, mwana wa lodi, ambaye alijua habari zake zote kabla ya ndoa. Ndoa haikudumu. Bibi Ashley alipodai matunzo, mume alijibu kwa kuiomba mahakama itamke kwamba ndoa yao ilikuwa batili tangu awali, kwa sababu aliyemwoa hakuwa mwanamke.

Hukumu ilitolewa mwezi wa Februari 1970 na jaji Ormrod, ambaye kabla ya kuwa jaji alikuwa amehitimu pia udaktari, na ilisema kwamba katika jambo la ndoa jinsia ya mtu ni ile iliyodhihirika kwa maumbile yake alipozaliwa, wala tiba haiwezi kuibadili. Athari yake ilivuka mipaka ya nyumba ya Corbett. Mlango ule ambao Bwana Dillon alipitia mwaka 1944 na Bibi Cowell mwaka 1951, wa kwenda kwa msajili na barua ya daktari na kutoka na cheti kipya, ulifungwa, na katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza mahakimu waliokumbana na jambo kama hilo walikwenda kuteka katika kisima hicho. Uingereza yenyewe haikuufungua tena mlango huo mpaka Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilipotoa uamuzi dhidi yake mwaka 2002, na sheria mpya ikatungwa mwaka 2004. Na Bibi Ashley, akiwa na umri wa miaka 70, akapata cheti kilichomtaja kuwa mwanamke. Mwaka 2012 malkia akamtunukia nishani.

Katikati ya miaka hiyo ya mlango uliofungwa alitokea mmoja aliyekuja na silaha ambayo wenzake hawakuwa nayo. Jan Morris alikuwa mwandishi wa habari mwenyewe, tena si wa kawaida: ndiye aliyelipelekea gazeti la The Times habari ya kupandwa kwa mlima Everest mwaka 1953. Alipopasuliwa Casablanca mwaka 1972, na kutoa kitabu chake Conundrum mwaka 1974, hakuhitaji kununuliwa wala kutafsiriwa na mtu, maana alijua jinsi sentensi inavyomkamata msomaji na jinsi inavyomwachia. Wako waliomkejeli, lakini hapakuwa na aliyeweza kudai kwamba amemfichua. Baada yake televisheni ikaingia, na mwaka 1998 mchezo wa Coronation Street, unaotazamwa na mamilioni, ukamleta Hayley, mwanamke aliyebadili jinsia, akiigizwa na mwigizaji ambaye mwenyewe hakuwa wa hali hiyo. Awali mhusika alitungwa ili awe kichekesho cha muda mfupi. Akakaa miaka 16, akapendwa, akaolewa, akafa, na nchi ikamlilia. Ndipo likaonekana jambo ambalo waandishi wa Jumapili hawakupata kulifikiri, kwamba mtazamaji akikaa na mtu muda mrefu huchoka kumshangaa.

Hata hivyo desturi ya zamani haikufa upesi. News of the World lilifungwa Julai 2011, baada ya kudhihirika kwamba watumishi wake walikuwa wakisikiliza kwa siri ujumbe wa simu za watu. Na tume ya jaji Leveson iliyoundwa kuchunguza mwenendo wa magazeti ilipoketi, miongoni mwa waliofika mbele yake mwaka 2012 walikuwamo wawakilishi wa chama cha Trans Media Watch, wakieleza jinsi watu wa kawaida, wasio na cheo wala umaarufu, walivyoandikwa kwa majina yao ya zamani na picha zao za utotoni bila ridhaa yao. Ripoti ya mwezi wa Novemba mwaka huo iliyatambua malalamiko hayo. Ilikuwa imepita miaka 54 tangu telegramu ya Baltimore, na lawama ilikuwa ileile.

Msomaji wa Kiswahili aliyenifuata mpaka hapa huenda ametambua kwamba nimesimulia haya yote bila ya kukwama katika neno moja ambalo lilikuwa kama upanga mikononi mwa waandishi wa Kiingereza. Lugha yao humlazimu msemaji, kila amtajapo mtu wa tatu, aseme kama ni mume au mke. Na gazeti lililotaka kumdhalili mtu kama Bibi Ashley lilichukua kijineno chao cha kike na kukifunga katika alama za kunukulu, kana kwamba linakishika kwa koleo, na tusi likakamilika bila ya tusi kutamkwa. Kiswahili hakina upanga huo. Yeye ni yeye. Alikuja, alisema, alifariki, ni maneno yasiyouliza aliyekuja ni nani chini ya nguo zake. Lakini tusijisifu kabla ya wakati, kwa kuwa ambalo lugha haikulitia katika kiwakilishi tumelitia sisi katika nomino. Pwani ilikuwa na neno huntha, lililotoka katika vitabu vya fiqhi, ambamo wanazuoni walijadili kwa utulivu mirathi ya aliyezaliwa na maumbile ya pande mbili, hali ambayo ni nyingine na hii tunayoisimulia. Ilikuwa pia na neno shoga, ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake ampendaye na kumwamini. Magazeti ya siku hizi yamelichukua hili la pili, yakalifanya tusi, kisha yakalitupia watu wa kila namna pasipo kupambanua, hata aliyebadili jinsia akisomwa gazetini hajui ametajwa yeye au ametajwa mwingine.

Na huku kwetu pia wamekuwapo waliokataa kusemewa. Audrey Mbugua, mwanamke wa Kenya aliyebadili jinsia, alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuomba cheti chake cha mtihani wa shule ya sekondari kibadilishwe jina na kisitaje jinsia, na mwaka 2014 jaji Weldon Korir akaamuru baraza la mitihani litimize ombi hilo. Magazeti ya Kenya yaliandika mengi juu yake, mema na mabaya. Lakini alikuwa amekwisha kusimama na kusema kwa jina lake na kwa sababu zake, na mwandishi aliyekuja baadaye alilazimika kuanzia pale alipoishia yeye.

Namaliza kwa Bibi Cowell, aliyelifungulia jarida mlango kwa hiari yake. Baada ya fedha kwisha na sifa kufifia, baada ya kuendesha tena magari ya mashindano na kuzama katika madeni, alikwenda kukaa katika nyumba ya kupanga pembezoni mwa London, majirani wakimjua kama bibi kizee anayependa magari yaendayo kasi. Alifariki tarehe 11 Oktoba 2011, miezi mitatu baada ya News of the World kufungwa, akiwa na umri wa miaka 93. Aliagiza kwamba mazishi yake yasitangazwe. Waliohudhuria walikuwa watu kama 6. Na ilipita miaka miwili ndipo gazeti la kwanza likapata habari kwamba hayupo duniani.